Mashine Inaponyamaza

4 Machi

Nesi wa kituo cha afya ndiye aliyenituma kuandika. Alisema, "Mama Kirezi, ukija hapa kuniambia mtoto haoni vizuri, hainisaidii. Andika siku, andika saa, andika mwanga ulikuwaje. Aliona nini, hakuona nini." Basi naandika. Daftari ni lile la vipimo vya wateja, kurasa za mwanzo zimejaa mabega na viuno vya watu. Nesi atanisamehe.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandikia, kule Karagwe, Tanzania, mpaka darasa la tano tuliporudi Rwanda. Kinyarwanda ni cha mdomoni mwangu. Kalamu yangu haijakizoea.

Mtoto ni Kirezi, miaka minne na miezi miwili. Mchana anaokota kishikizo kilichoanguka kabla sijajua kimeanguka. Jioni jua likishuka, anasimama. Anasimama tu pale alipo kama mtu aliyeambiwa asubiri, halafu ananyoosha mikono.

Leo, saa kumi na mbili kasorobo, mvua nyepesi. Hakuona mlango wetu. Aliufuata ukuta kwa kiganja.

6 Machi

Nesi ametoa tone la vitamini A. Amesema nimpe maini, karoti, mboga ya dodo na mawese, kwamba watoto wengi wasioona jioni ni chakula tu, na hurudi sawa. Nimefurahi. Chakula nitakiweza.

Kirezi ametema maini kwenye kiganja changu. "Mama, hii ni kiatu."

7 Machi

Maini. Amekula vipande viwili kwa kuimbiwa.

9 Machi

Nesi alitaka nieleze mtoto anashinda wapi. Asubuhi yuko chekechea. Kuanzia saa sita yuko nami dukani kwa Mama Shafiq, fundi wa cherehani hapa hapa Biryogo, Kigali, hatua ishirini na sita kutoka mlangoni kwetu. Nimezihesabu.

Mama Shafiq anakaa chumba cha mbele na mashine yake ya miguu. Mimi nakaa nyuma ya pazia na pindo, vishikizo na pasi ya mkaa. Hatuonani. Mteja akiingia, Mama Shafiq haniiti. Anasimamisha mashine, basi. Nikisikia kimya nachukua futi, natoka kupima. Mwanzoni nilichelewa sana, siku hizi sichelewi. Kelele ya ile mashine siisikii tena hata ipige kutwa. Kimya ndicho kinachonishtua.

Mwaka na nusu sasa, na sijawahi kusikia jina langu kinywani mwake. Kuna watu wana moyo mgumu, nimeshazoea.

12 Machi

Mfungo umechanganyika na mvua. Nguo za Idi zimefika mpaka dirishani. Leo adhana ya magharibi ilipoanza mashine ikanyamaza, nikatoka na futi nikidhani mteja. Hakuna mteja. Mama Shafiq alikuwa na sahani ya tende na kikombe cha maji. Taa haijawashwa. Alichukua tende moja akamnyooshea Kirezi.

Kirezi aliinua uso kuelekea sauti ya sahani, akatabasamu, mikono chini. Tende iko pale mbele ya kifua chake.

Mama Shafiq akasubiri. Hapa kwetu mtoto akipewa kitu anapokea kwa mikono miwili, hata kama bado anajifunza kutembea.

"Mtoto huyu kafundishwa na nani?" akauliza. Hakuniuliza mimi, aliiuliza sahani.

Nilimfinya Kirezi begani. "Pokea!"

Akanyoosha mikono yote miwili vizuri kabisa, viganja juu, kama nilivyomfundisha. Akainyoosha pembeni, mbali na tende, kwenye hewa.

Mama Shafiq aliwasha taa. Akamtazama mtoto muda mrefu, akampa tende mkononi, akanywa maji yake. Nilirudi nyuma ya pazia nikiwa na aibu ya vitu viwili, na cha pili, kile cha kumfinya, ndicho kilichonikaa.

13 Machi

Maini.

15 Machi

Mvua tangu saa nane. Wingu zito, chumba kikawa kama jioni. Hakuona kikombe chake mezani. Saa nane mchana!

19 Machi

Évode, baba Kirezi, anajenga nyumba mpya za watu huko Gahanga, anarudi na simenti mpaka kwenye nyusi. Leo nimempa daftari asome. Amesoma kurasa mbili amesimama.

"Huyu mtoto iko na woga tu, sha. Mimi Bujumbura nikiwa na umri wake natumwa dukani saa moja. Unambeba kila jioni, unamtafutia kila kitu, sasa atajua lini kutembea?"

"Haoni, Évode."

"Mchana anaona?"

"Anaona."

"Macho ni yale yale, ama anayo mengine ya jioni?"

Hata mimi nimejiuliza hivyo. Macho ni yale yale.

24 Machi

Mwalimu Ingrid wa chekechea amenisimamisha getini. Anasema Kirezi ni hodari, anajua nyimbo zote, lakini siku za wingu mwalimu akionyesha picha, yeye anageuza uso kusikiliza wenzake wanasema ni nini, halafu anarudia. "Ana akili ya kujificha," alisema kwa kumsifu. Mimi sikusikia sifa.

28 Machi

Wiki tatu za maini. Hakuna kilichobadilika. Nesi ameangalia daftari, ameacha kutabasamu. Ameandika karatasi ya kwenda kwa daktari wa macho hospitali kubwa.

29 Machi

Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Mtaa wetu ulipewa kazi ya kuzibua mtaro unaopita kati ya kwetu na duka la Mama Shafiq. Évode ndiye aliyeonyesha wanaume namna ya kuinua vifuniko vya zege bila kuvivunja. Tope lilikuwa limejaa mpaka juu, wakalitoa kwa majembe, akina mama tukabeba kwa makarai. Watu walicheka sana, jirani mmoja alikuta sahani yake aliyomsingizia mke wa kaka yake kuiiba. Kabla ya kumaliza, mvua. Kila mtu akakimbia. Vifuniko vimebaki vimeegemezwa ukutani. Évode amesema atavirudisha kesho.

31 Machi

Jana sikuweza kuandika.

Jana ilikuwa Idi. Asubuhi Mama Shafiq alibisha kwetu, mwenyewe, na kifurushi. Gauni la kijani la Kirezi, mikono ya puto, limeshonwa kwa vipande vilivyobaki vya nguo za wateja, lakini kwa ustadi huwezi kuona pa kuungia. Sikujua hata alimpima lini. "Mje kula pilau," akasema, akaondoka kabla sijashukuru.

Tulienda saa nane, anaishi hapo hapo dukani. Kirezi alizunguka na gauni mpaka akalewa. Saa kumi Évode alirudi nyumbani kufungua mlango, maana nilitaka kumlaza mtoto kidogo. Wingu lilikuwa limekuja kutoka upande wa mlima, jeusi, limeshuka mpaka juu ya paa za mabati. Mimi nilikuwa nasaidia kuosha masufuria. Nikamsikia Évode anaita kutoka mlangoni kwetu:

"Kirezi! Njoo mwenyewe! Hatua chache tu, mtoto wangu ni hodari!"

Aliita kwa upendo. Nataka niandike hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa amenyoosha mikono.

Na Kirezi akaenda. Hakuogopa, ndiyo inayoniuma. Baba alimwita, na sauti ya baba aliijua iko wapi, akaenda moja kwa moja kuelekea kwenye sauti. Hatua kumi na tatu, kumi na nne. Halafu kijani hakipo.

Mtaro ulikuwa wazi. Vifuniko bado vilikuwa ukutani.

Nilisikia maji. Nilikimbia na sufuria mkononi, sijui kwa nini sikuitupa. Nilipofika Mama Shafiq alikuwa amenitangulia, mwanamke wa miaka sitini, amelala kifudifudi kwenye tope na nguo yake mpya ya Idi, mkono mzima ndani ya mtaro. "Nimelishika gauni!" alikuwa anapiga kelele. "Nimelishika! Évode, chini, shuka chini!" Évode aliruka ndani. Maji yalimfika kiunoni. Alimwinua Kirezi juu kama mtu anayepokea tofali.

Alikohoa. Alilia. Mana yanjye, Mungu wangu, sijawahi kupenda kilio hivyo.

Paji la uso limeshonwa nyuzi nne. Mkono wa puto wa gauni ulibaki kwenye kiganja cha Mama Shafiq. Nesi alipomuuliza Kirezi, "Hukuliona shimo?" alijibu, "Kulikuwa na shimo?"

Évode alikuwa amesimama pale. Alisikia.

1 Aprili

Évode hakwenda Gahanga. Amerudisha vifuniko peke yake, vyote vya mtaa mzima. Hasemi.

3 Aprili

Amekuja na ndoo ya chokaa kutoka kazini. Amepaka ukingo wote wa mtaro mweupe, na ngazi zetu, na jiwe la mlangoni. "Labda cheupe atakiona zaidi," amesema. Ndiyo maneno ya kwanza tangu Idi.

4 Aprili

Mvua imefuta chokaa. Évode amepaka tena.

7 Aprili

Siku ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari. Duka limefungwa. Mtaa kimya. Mvua.

9 Aprili

Hospitali. Daktari ni mwanamke mfupi anayetembea haraka, Daktari Mutsinzi. Alisoma daftari langu lote, hata mahali pa kiatu, akacheka. Halafu alimtazama Kirezi kwa taa na vioo, kwa karibu saa nzima.

Amesema macho yanatikisika kidogo sana, mimi sikuwahi kuona. Amesema haoni vizuri vya mbali, atapewa miwani. Amesema vitamini si tatizo.

"Na nyuma ya jicho kukoje?" niliuliza, maana alikuwa amenieleza kwamba nyuma kuna ngozi nyembamba, retina, ambayo ndiyo inayoupokea mwanga.

"Pazuri," alisema. "Pazuri mno, na ndiyo sababu sijui."

Alinieleza kwamba kuna mambo mawili yanayofanana. La kwanza, seli zinazopokea mwanga zinakufa, moja moja. Linaanza na jioni, halafu linakula pembeni, halafu katikati, na mtoto anapofika miaka ya kuolewa haoni kabisa. La pili, seli zote ziko hai, ila hazipelekeani habari. Hilo haliendi mbele. Linabaki lilivyo.

"Kirezi ana lipi?"

"Kwa kutazama siwezi kukwambia. Kuna mashine inayopima umeme mdogo wa jicho. Inakuja na madaktari wageni wiki moja tu, katikati ya Mei." Alichora karatasini. Jicho zima likimulikwa, mstari unashuka, halafu unapanda juu. Jicho ambalo seli zimekufa, mstari unalala tu. "Lakini, Mama Kirezi, lazima akae gizani dakika ishirini kwanza, giza kamili, na kibandiko chini ya jicho. Akilia, akisugua, tukimkosa, tunasubiri wageni warudi mwakani."

Dakika ishirini. Mtoto aliyetoka mtaroni juzi.

10 Aprili

Mvua. Chokaa imefutika. Évode amepaka tena.

12 Aprili

Nimejaribu kumkalisha Kirezi gizani chini ya blanketi, kama mchezo. Alihesabu mpaka sita. Halafu akapiga kelele, "Maji!" na kujirusha.

Miwani imefika. Ya buluu. Amesimama mlangoni akaniambia, "Mama, mlima una nyumba!"

16 Aprili

Leo nimempa Mama Shafiq habari ya mashine na dakika ishirini. Nilimweleza kwa sababu ilinibidi kuomba ruhusa ya siku ile, si kwa sababu nilitegemea kitu. Alisikiliza akitia uzi kwenye sindano.

"Huyu mtoto anapenda nini?"

"Gauni lake. Nyimbo."

"Wee, si hivyo. Akiwa hapa, anapenda nini?"

Nikafikiri. "Kulala chini ya mashine yako."

"Basi."

Amemkalisha Kirezi chini ya mashine, karibu na kanyagio, akaifunika meza yote kwa kitambaa cheusi cha suti mpaka chini. Akaanza kukanyaga. "Kirezi! Mashine ikipiga, wewe umelala, kimya kama kishikizo. Ikinyamaza, fungua macho makubwa namna hii, usipepese. Umesikia?"

"Makubwa kama ya samaki?"

"Kama ya samaki wa ziwa Kivu."

Dakika nne. Hakulia.

17 Aprili

Dakika nne.

18 Aprili

Sita. Mvua kubwa, chokaa hakuna. Évode kapaka.

22 Aprili

Leo nimeuliza. Tulikuwa tunakunywa chai, mvua imetufungia, hakuna mteja.

"Mama Shafiq, mbona huniiti kwa jina?"

Akashangaa kweli. "Nikuite vipi? Nipige kelele 'Gahongayire!' kutoka chumba kingine? Hivyo huitwa mbuzi. Mimi nilifundishwa kazi kwa kuitwa hivyo, miaka tisa. Nikasema nikipata wangu wa nyuma ya pazia, sitampigia kelele. Nitanyamaza, naye atasikia."

Mwaka na nusu nilikuwa naiita hiyo roho ngumu.

"Na wewe unasikia upesi kuliko wote niliokuwa nao," akaongeza, akainuka kurudi kwenye mashine, kama kawaida yake, kabla sijashukuru.

26 Aprili

Umuganda tena. Safari hii Évode hakuruhusu mtu kuondoka mpaka kifuniko cha mwisho kirudi. Mvua ilinyesha juu yao. Walimtukana kwa utani, "Bosi wa mtaro!" Hakucheka, alisimama pale akihesabu.

30 Aprili

Dakika kumi na moja.

3 Mei

Kumi na nne. Aliingia usingizini.

6 Mei

Mvua ya mawe. Kirezi alisikia mabati yanapigwa akaniuliza kama Mungu amenunua cherehani.

Évode jioni aliniuliza, "Ikiwa ni ile ya kwanza?" Tulikuwa tunamenya viazi. Nikasema ikiwa ni ya kwanza, basi tutamwonyesha vitu vingi upesi. Ziwa. Twiga. Akamenya kiazi mpaka kikaisha mkononi.

10 Mei

Ishirini! Mama Shafiq mguu ulikuwa umekufa ganzi, akawa anakanyaga kwa huu mwingine. Ilipofika ishirini akasimamisha, na chini ya kitambaa Kirezi akatoa kichwa, macho ya samaki. Tulipiga makofi mpaka mteja akaingia akiuliza harusi ni ya nani.

13 Mei

Kesho. Nimewaza kitu ambacho sikukiwaza kabla: hospitali hakuna cherehani.

14 Mei

Nitaandika yote.

Chumba kilikuwa kidogo, dirisha limezibwa kwa karatasi nyeusi na gundi. Tulikuwa mimi, Kirezi mapajani, Daktari Mutsinzi, na mgeni mmoja mwenye mashine ndogo kama ya kukaushia nywele. Walimbandika kibandiko chini ya jicho. Mlango ukafungwa, na giza likawa giza ambalo hata mimi sikuona mkono wangu.

Dakika ya tatu hivi: "Mama, uko wapi?"

"Umenikalia."

"Aa." Halafu: "Na mimi niko wapi?"

"Umenikalia mimi."

Alicheka kidogo. Lakini dakika iliyofuata nilimsikia anaanza ile pumzi, ile fupifupi inayokuja kabla ya "Maji!" Mkono wake ulikuwa unapanda usoni. Niliushika. Akavuta. Nikajua sasa kipimo kinaondoka, kinaondoka mpaka mwakani.

Nikavua viatu. Nikaanza kukanyaga sakafu, kisigino, vidole, kisigino, vidole, kama Mama Shafiq anavyokanyaga mshono mrefu. Tak-tak, tak-tak. Mapaja yangu yakawa yanampandisha na kumshusha.

Mkono ukalegea.

"Mashine," akasema.

"Ndiyo."

"Anashona nini?"

"Gauni."

"La nani?"

"La mtu ambaye hajalia."

Akafikiri. "Aweke mikono ya puto."

Nilikanyaga. Sijui kama nimewahi kufanya kazi nzito hivyo, hata leba. Daktari alisema baadaye kwamba mgeni aliuliza kwa Kifaransa huo mlio ni wa bomba au wa nini.

"Tayari," Daktari akasema gizani.

Nikasimamisha miguu.

Na Kirezi, kwenye kimya kile, akainua uso akafungua macho makubwa, najua aliyafungua maana nilihisi kope zake kwenye kidole changu, na hakupepesa. Mwanga ukapiga, mdogo. Tena. Tena. Mara nyingi. Jicho moja, halafu la pili. Hakusogea. Ningetaka Mama Shafiq aone.

Kioo cha mashine kikawaka kijani hafifu na mstari ukatoka. Nilikuwa nimebeba ile michoro kichwani mwezi mzima. Mstari ukaenda, ukaenda, umelala. Halafu ukashuka! Ukashuka chini sana, nikasema sasa panda, panda baba, panda.

Haukupanda. Ulibaki chini, ukarudi polepole kwenye usawa wake kama mtu aliyechoka, ukaisha.

Nikasema, "Haukupanda."

Daktari hakunisikia. Alikuwa ameshika bega la mgeni, anasema, "Tazama, tazama ulivyoshuka!" kwa furaha. Halafu akaniona uso wangu. Akawasha taa, akachuchumaa mbele yangu.

"Mama Kirezi, sikiliza. Zingekuwa zinakufa, mstari usingeshuka. Kushuka ni seli ya kwanza, ile inayopokea mwanga. Iko hai, inafanya kazi vizuri kabisa. Kupanda ni seli ya pili kujibu. Ya pili ndiyo haijibu."

"Kwa nini?"

"Hizi seli hazigusani. Kati yake kuna uwazi mdogo sana. Ya kwanza inaiambia ya pili kwa kumwaga kemikali kwenye ule uwazi. Na watu wote hudhani mwanga ukija ndipo inamwaga. Ni kinyume. Gizani inamwaga, inamwaga bila kupumzika. Mwanga ukija inaacha. Ya pili ikikosa ile kemikali ndipo inaamka, inapeleka habari mbele kwamba mwanga umefika."

Kirezi alikuwa anavuta kibandiko.

"Kimya ndicho kinachoita," nikasema.

"Eh?"

Nikamweleza. Mama Shafiq mbele, mimi nyuma ya pazia, mashine inapiga kutwa, mteja akija inanyamaza nami natoka na futi. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akakaa sakafuni kabisa na koti lake jeupe.

"Basi ndiyo hivyo. Mwenye mashine ni mzima. Mteja ameingia, mashine imesimama kama inavyotakiwa. Ila wewe wa nyuma ya pazia umezaliwa huna sikio la mlio ule. Ikipiga husikii, ikinyamaza husikii."

"Sitatoka."

"Hutatoka. Mteja atasimama pale mpaka achoke."

"Na mchana, mbona anaona?"

"Mchana kuna mwingine nyuma ya pazia. Huyo yeye huamka kwa kelele, si kwa kimya. Anatuonyesha penye kivuli, penye mistari, na kichwa cha mtoto kinajaza yaliyobaki. Usiku huyo hana kazi."

"Kuna dawa?"

"Leo hakuna. Watu wanatafuta. Lakini nisikie vizuri: haiendi mbele. Anavyoona leo ndivyo atakavyoona akiwa bibi. Miwani, taa nzuri, na jioni mtu wa kumwongoza. Atasoma. Atafanya kazi."

Nililia pale, mimi niliyemwambia mtoto asilie. Kirezi alinipangusa kwa gauni lake. "Sasa lako halitakuwa na puto," akasema.

15 Mei

Évode aliniuliza jambo moja tu: imetoka kwa nani. Nilikuwa nimemuuliza Daktari. Kwa mtoto wa kike namna hii, mara nyingi imetoka kwetu wote wawili, kila mmoja amebeba kipande bila kujua, na kipande kimoja peke yake hakifanyi kitu. Évode akarudia, "Wote wawili." Akaenda akamwinua Kirezi aliyelala, akakaa naye mapajani mpaka chai ikapoa.

17 Mei

Mama Shafiq ameniomba nimweleze tena habari ya ile seli. Mara tatu. Mwisho akasema, "Astaghfirullah, na mimi siku ile ya tende nilitaka kusema hana adabu." Nikamwambia mimi nilimfinya. Akavuta kiti, akaanza kukanyaga mashine.

21 Mei

Mvua ndogo. Chokaa imebaki nusu.

27 Mei

Hakuna mvua siku nne. Évode amepaka hata hivyo.

7 Juni

Vumbi la kiangazi limeanza. Chokaa iko pale pale, nyeupe kabisa.

Leo saa kumi na mbili jioni nilikuwa nyuma ya pazia, napiga pindo. Kirezi alikuwa nyumbani na baba yake. Nikasikia mashine ya Mama Shafiq inabadilika mlio, nyepesi, kama haina nguo. Nikachungulia. Haikuwa na nguo wala uzi. Alikuwa anakanyaga bure, mlango umefunguliwa wazi.

"Rudi kwenye kazi yako," akaniambia bila kugeuka.

Kutoka kwetu nikamsikia Évode, sauti ndogo: "Unaisikia? Ifuate. Weka mguu pembeni ya cheupe. Mimi niko nyuma yako, sikushiki."

Nikarudi nikakaa. Sikutoka. Nilitia sindano kwenye kitambaa, nikaitoa, nikaitia tena palepale. Hatua ishirini na sita. Mashine ilikuwa inapiga, inapiga, na baada ya miezi mingi ya kutoisikia nikaisikia yote, kila tak, nikahesabu hatua zake. Kumi na mbili, pale pa mtaro. Kumi na tano. Ishirini, alisimama pale, nilijua. Mama Shafiq akakanyaga kwa nguvu zaidi. Ishirini na moja.

Halafu mashine ikanyamaza.

Nikachukua futi, nikatoka kumpima gauni jipya.